Kitasa cha Mlango wa Nyuma

Kiwanda cha magodoro kilipoungua, aliyeitwa kuvunja kitasa cha mlango wa nyuma alikuwa Fundi Vitasa, kaka wa mmoja wa wanawake tisa waliokuwa ndani. Alikivunja kwa mapigo matatu ya nyundo. Kilikuwa kizima, kimefungwa kwa ufunguo, kwa nje. Dada yake alikutwa amekufa hatua mbili tu kutoka mlangoni.

Mazishini mchungaji alipandisha sauti. Moto ule, alisema, ni kitasa, yaani bakuli, cha ghadhabu kilichomiminwa kama nabii alivyoona katika Ufunuo. Hukumu imeanza kwa wasiotubu. Bosi wa kiwanda, kiti cha mbele, aliitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Tangu siku ile mama yao akawa hali, halali. Alichambua maisha ya marehemu kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. "Au ni ile Jumapili aliyokosa ibada? Au yale maneno aliyomjibu shangazi yake?"

Wiki ya pili Fundi alishindwa kuvumilia. "Mama, vaa viatu. Twende."

Walimkuta mchungaji ofisini, anakunywa chai.

"Shikamoo mchungaji. Ule moto ulitoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hukumu ya Mungu ni fumbo. Vile vitasa..."

"Kitasa ninachokijua mimi ni cha mlangoni, na nimekivunja kwa mkono huu!" Fundi akasema. "Unabii wako nimeusoma wiki nzima mpaka macho yakaniuma. Waliouawa wako chini ya madhabahu, wanapaza sauti, wanamuuliza Mungu atawalipizia kisasi lini. Aliwaambia ninyi ndio wenye makosa? Aliwapa mavazi meupe! Hasira yake ni kwa waliofanya roho za watu kuwa bidhaa. Hilo mbona hukulihubiri? Au kwa sababu bosi mwenyewe alikuwa amekaa mbele?"

"Punguza sauti. Yule mzee ndiye aliyetuezekea kanisa."

"Basi wewe mvua haikupati. Mama yangu ndiye analowa."

Mchungaji akakitazama kikombe chake. Ndipo mama akauliza, "Kwa hiyo mwanangu hakuadhibiwa?"

"Mama, mimi nilisema kwa ujumla..."

"Nakuuliza mwanangu."

"Hapana," mchungaji akasema. "Sijui kosa lake lolote."

Mama akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, hata Fundi akarudi nyuma.

"Mwanangu aliniambia," akasema. "Wakishaingia tu, bosi mwenyewe anafunga kwa nje, eti wasitoke kupiga soga. Polisi walikuja kuniuliza, nikanyamaza. Nikasema, nani ashindane na Mungu? Kumbe wiki mbili nimemfichia mtu siri yake!"

Akaipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagikia makaratasi, akatoka. Fundi alilazimika kukimbia kumfikia. Kituoni mama alimwambia askari, "Andika, na usiruke neno."

Bosi alikamatwa kabla wiki haijaisha, na kesi bado inaendelea. Mchungaji amekwenda mara mbili kumwona mama. Mara zote mbili amepewa kiti, na mara zote mbili ameambiwa jambo moja: yale aliyokiri ofisini akayaseme kwanza mimbarini, mbele ya watu wale wale, ndipo arudi.