Sakafu ya Bibi Maeng

Saa moja asubuhi Bibi Maeng Bun-rye alitoka kwenye nyumba ya mfano, mfarishi begani na kikapu mkononi, akasema maneno mawili tu: "Nyumba baridi." Kisha akaanza kupanda ngazi za mlimani kurudi kwake, wala hakugeuka nyuma.

Jamani! Seok Hyo-ran alibaki amesimama uani na chai yake, mdomo wazi. Nyumba ile alikuwa ameihangaikia miaka mitatu. Kuta zake za mbao na udongo zilikuwa nene shubiri mbili, na madirisha yake yalikuwa na vioo vitatu vitatu. Hata nje kukiwa na theluji, iliweza kupata joto kwa moto kidogo wa kuchemshia birika. Halafu bibi wa miaka themanini na moja analala humo usiku mmoja na kuiita baridi!

Na si bibi yeyote. Kwenye kilima kile cha mji wa bandari wa Mokpo zilikuwa zimebaki kaya tisa, katika vibanda vyenye mapaa yanayovuja, na majira ya baridi yaliyopita moshi wa makaa ulikaribia kuwaua watu wawili usingizini. Wajenzi wengine wangenunua viwanja vyao, wakawafukuza, wakapandisha maghorofa. Hyo-ran, mwenye kampuni ya watu watano, aliapa kwamba hatahama mtu. Angejenga nyumba tisa ndogo palepale, na kila mwenye kaya angelala kwanza kwenye ya mfano ndipo agonge muhuri wake, ulio ndiyo sahihi yake, kwenye mkataba. Mji ulikuwa umempa hadi Ijumaa. Ukikosekana muhuri mmoja tu, kilima kinakwenda kwa kampuni ya maghorofa, na wazee wanatawanywa kwenye vyumba vya pembezoni mwa mji, kila mmoja kivyake. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na wale wanane wengine walikuwa na jibu moja: Bibi Maeng akigonga, na sisi tunagonga.

Mhandisi wake, Pyo Gyu-tae, aliingia ndani akatoka na kipimajoto. "Mkurugenzi, nyuzi ishirini na mbili usiku kucha. Haikushuka hata nusu. Huyu mama ana lake jambo."

"Basi ngoja nikamuulize hilo jambo," Hyo-ran akasema, akazikwea zile ngazi kwa hasira.

Alimkuta Bibi Maeng chumbani kwake na jirani yake, Bibi Tak Ok-ja, ambaye hakuna mazungumzo mtaani yaliyowahi kumpita. Chumba kilikuwa na baridi ya kutoa mvuke mdomoni. Hyo-ran alipoketi sakafuni kwenye kona ya karibu na jiko, ambalo moto wake hupita chini ya sakafu, aliruka akijishika makalio.

Bibi Tak akacheka hadi akakohoa. "Umeungua? Hiyo ndiyo sakafu, mwanangu! Pale kwako nilipita jana nikaikanyaga, nikadhani nimekanyaga meza."

"Bibi, kule joto limo hewani. Nyumba haipitishi upepo, kwa hiyo moto wa sakafuni unawaka dakika kumi na kuzimika wenyewe. Hauhitajiki zaidi ya hapo."

"Hauhitajiki na nani? Mimi mgongo wangu haukai hewani. Mgongo unataka kukaangwa! Nikitoka sokoni na samaki wangu nalala pale, nakaanga upande huu, nageuka, nakaanga na huu. Wewe umekwenda kusoma, ukarudi na nyumba ya kukaanga pua."

"Bibi Tak, nakuomba…"

"Usiniombe mimi, muombe huyo."

Bibi Maeng alikuwa anamenya vitunguu saumu tu. Hyo-ran akauita huo ukaidi, na moyoni akasema kwamba wazee hawa watafukuzwa mlimani kwa sababu ya migongo yao, basi. Miguu yake ilikuwa inaganda. Akavuta ule mfarishi uliotandazwa kwenye kona ya moto ili ajifunike magoti, na mkono wake ukagonga kitu kigumu.

"Utamwaga!" Bibi Maeng akapaza sauti kwa mara ya kwanza.

Lilikuwa bakuli la shaba lenye kifuniko, limeviringishwa kitambaa, limejaa wali wa moto. Hapo hata Bibi Tak akatazama chini.

"Wa Du-ho," Bibi Tak akasema polepole. "Mwanawe. Alikwenda na meli ya kuvua ngisi, hajarudi. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Nilikwenda nalo kule kwako," Bibi Maeng akasema, macho kwenye vitunguu. "Nikaliweka sakafuni, nikalifunika vizuri. Asubuhi nalishika, limepoa. Sasa mtu atoke baharini, aingie ndani, nimpe wali uliopoa?"

Hyo-ran aliurudisha mfarishi juu ya bakuli. Aliona aibu, aibu kweli, ya mtu aliyejua akasahau. Mama yake mwenyewe alikuwa akifanya hivyohivyo. Baba yake alikuwa dereva wa basi la usiku, na Hyo-ran na dada zake walikatazwa kunyoosha miguu kwenye kona ya moto wasije wakalipiga teke bakuli la baba. Alikuwa amechora nyumba tisa za Wakorea, akapima kila tundu la upepo, na hakuna hata moja ambamo mke angeweza kumwekea mumewe chakula.

Aliporudi chini akamwambia Pyo kwamba wanataka sakafu ya moto. Pyo akashika kichwa.

"Mkurugenzi, ukiipasha sakafu ile hadi iunguze, hewa inafika nyuzi thelathini na tano. Watafungua madirisha katikati ya Januari! Tumejenga ya nini basi? Na nikitoboa ukuta nitie jiko la kuni, nyumba inafeli kipimo cha kutovuja joto, na bila kipimo hicho hakuna ruzuku. Tunafunga ofisi."

Walibishana hadi saa sita, na kwa haki Pyo hakuwa amekosea hata neno. Mwishowe Hyo-ran akageuza mchoro, akachora chumba cha kumi, peke yake katikati ya uwanja, nje ya zile nyumba tisa. Kingekuwa na jiko la kuni nje, sakafu ya mawe bapa, na moshi unaopita chini ya mawe hadi kwenye dohani, kama zamani. Kingetosha watu kumi na tano na mifarishi yao.

"Mawe hayo utayapata wapi?" Pyo akauliza. "Jiwe la kawaida linapasuka kwa moto. Siku hizi hakuna anayeyachonga."

Hyo-ran hakujua. Hata hivyo Jumatano alimpelekea Bibi Maeng mchoro, akamweleza yote, pamoja na kwamba mawe hana. Bibi akautazama sana ule mchoro. Akauliza mlango utaelekea wapi. Alipoambiwa unaelekea kusini, upande wa ngazi za kutokea bandarini, akaukunja, akamrudishia. Muhuri hakuutoa. Alhamisi ikapita hivyo, na Hyo-ran hakula siku nzima.

Ijumaa asubuhi alikuwa amefika nusu ya ngazi aliposikia sauti ya sururu. Akakimbia. Bibi Maeng alikuwa amezima jiko, amebandua karatasi iliyofunika mawe ya sakafu, na alikuwa anang'oa mawe ya kona yake mwenyewe. Manane yalikwishatolewa uani, meusi kwa masizi upande wa chini. Bibi Tak alikuwa analivuta la tisa kwa kamba, akimlaani kila fundi aliyezaliwa.

"Bibi! Unafanya nini? Hatujaanza hata msingi! Utalala wapi?"

"Si una nyumba," Bibi Maeng akasema, akihema. "Ile ya kupasha pua. Mawe haya mume wangu aliyachagua mlimani moja moja. Yamekaa motoni miaka hamsini hayajapasuka. Mwambie huyo Pyo wako asiyaweke kifudifudi."

"Lakini bakuli…"

Bibi akaweka sururu chini. Akaketi juu ya rundo la mawe, akafuta mikono yenye masizi, akavuta kile kikapu chake. Bakuli lilikuwa ndani, wali wa alfajiri, bado unatoa moshi kidogo. Akafunua kifuniko. Bibi Tak akaiachia kamba.

"Siku ile anaondoka, mwanangu alinipigia simu kutoka bandarini," Bibi Maeng akasema. "Akaniambia, mama, nitachelewa, nyinyi kuleni tu. Mwenyewe alisema tule. Ni mimi sikumsikiliza."

Akachukua kijiko akala. Alikula taratibu, machozi yanamtoka na hayafuti, hadi bakuli likafika nusu. Hapo akamsogezea Hyo-ran lile bakuli na kijiko chake, akamwambia akae ale, kwa sababu anaonekana hana damu usoni. Hyo-ran akakaa juu ya mawe akala. Bibi Maeng akaingiza mkono mfukoni, akatoa muhuri, akauliza mkataba uko wapi.