Chembe Aliyekataa Kuamkia

Usiku wa jana niliota nimekuwa chembe ndani ya ukuta wa chumba changu, na ukuta wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta ya Zawena, binti wa marehemu ndugu yangu, anayesomea uhandisi.

Jioni alikuwa amenieleza kwamba kompyuta yake huugawa ukuta katika chembe nyingi zilizoshikana kwa springi, kisha huutikisa, tujue kama utahimili malori ya kokoto yanayopita barabarani. Nilimjibu kwamba ukuta huo niliujenga mimi, na kwamba shule ya usiku nilisoma hadi fizikia.

Sasa nimebanwa mstarini. Kushoto kwangu yuko chembe mwenye mafua. Kulia, mmoja mwenye sauti ya kitoto. Chini yetu mke wangu, Bi Tausi, amelala, kichwa ameelekeza ukutani.

Msumari unaoshikilia picha yangu ya mahafali unatangaza masharti. "Wimbi likifika, wa kushoto atakuamkia. Utaitikia, kisha utamwamkia wa kulia. Basi."

Nauliza huyo wa kulia ana umri gani.

"Hapa hakuna umri, mzee. Wote mna uzito mmoja."

Nasema mimi simpi mtoto shikamoo.

Mara ukuta ukawa darasa la shule ya usiku. Chembe wote wameketi kwenye madawati, mwalimu ni saa ya mezani, na hakuna anayeruhusiwa kusogea kabla saa haijalia. Nje lori likapita. Shikamoo ikaanzia dawati la nyuma: shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, ikaja kwa adabu kabisa.

Wa mafua akaniamkia. Nikaitikia kwa sauti nzito, kisha nikanyamaza.

"Toa, mzee," akanong'ona. "Huku nyuma zinarundikana."

"Namsubiri aanze yeye."

"Aanze na nini? Shikamoo yenyewe inatoka kwako."

Yule mtoto akanitazama kwa heshima zote. "Babu, mimi sina neno. Niko tayari kuitikia."

Hapo ndipo nilipokataa katakata. Shikamoo zikarundikana mgongoni mwangu. Springi iliyoniunganisha na yule mtoto ikavutika, ikalia kama kitanda cha kamba, ikakatika. Darasa likawa ukuta tena, na vumbi likamdondokea Bi Tausi shavuni.

"Hongera, mzee," msumari ukasema. "Ukubwa umebaki nao. Ukuta ndio sina hakika."

Nikaamka. Bi Tausi alikuwa ameketi kitandani akijifuta shavu. Akaniuliza ni nani niliyekuwa nikimwitikia marahaba usiku kucha. Nikainua macho ukutani. Juu ya mto wake, kuanzia kwenye msumari wa picha yangu, ulikuwa umeshuka ufa mwembamba kama unywele, ambao jana haukuwepo.

Lori la kwanza la asubuhi likasikika kwa mbali. Nikamwambia Bi Tausi ahamie upande wangu, na kukikucha amwite Zawena. Kisha nikaweka kiganja ukutani, nikauamkia kwa sauti ya chini, ili mke wangu asisikie.