Mechi ya Thelathini

Msimu wa kwanza ulipotea kwenye mechi ya kumi na tisa. Wa pili ukapotea kwenye ya ishirini na sita. Mara zote mbili Akimana ndiye aliyekuwa akiongoza ligi ya mpira wa kompyuta, na mara zote mbili kompyuta ya ukumbi wa michezo wa Papa Thaddée, hapa Kavimvira, iliwaka buluu ikazimika. Ilipofunguliwa tena, ligi haikuwamo.

Bigirimana, aliyevuka mpaka kila wiki kutoka Gatumba kuja kucheza, hakukosa la kusema.

"Kavimvira muna mabingwa ya mudomo! Kombe lenu iko wapi? Tulishike!"

Sasa msimu wa tatu ulikuwa umebakiza mechi moja: Jumamosi, Akimana dhidi ya Bigirimana. Akimana alimzidi pointi moja. Jumatano, akifanya mazoezi, skrini ikawaka buluu.

Papa Thaddée aliiwasha upya huku akinong'ona sala. Ligi ilikuwamo.

"Ni kuran," alisema, akifuta jasho. "Kuran ya huku njo inatumaliza."

Kila mtu alisema hivyo. Umeme huo wa Kavimvira, kuran, huja na kuondoka utakavyo, basi huo ndio uliolaumiwa kwa kila ugonjwa wa mashine. Taa zikififia tu, wachezaji walirukia vitufe na kuhifadhi mchezo haraka haraka, juu ya faili ile ile ya zamani.

Akimana, ambaye hutengeneza simu karibu na kituo cha forodha, hakuinuka.

"Papa, mashini yako iko kwa batiri ya sola tangu asubuhi. Kuran imeingilia wapi?"

Thaddée aliinama kuufuata waya hadi kwenye batiri.

"Niachie niifungue."

"Weye! Ukiiua?"

"Minye niko na pointi moja mbele, Papa. Nani atakuwa na uchungu kuliko minye?"

Kwanza alinakili ligi kwenye flashi mbili. Moja akaiweka mfukoni, ya pili akampelekea Bigirimana mpakani, ili asije mtu kusema imechezewa. Kisha akaifungua kompyuta. Ndani mlikuwa na barete mbili, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, vumbi la barabara limezikalia. Alizisafisha miguu ya shaba kwa kifutio cha penseli, akazipima moja moja kwa programu ya majaribio. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilijaza skrini mistari myekundu.

"Tazama, Papa. Mchezo unapita hapa kabla ya kuandikwa kwenye diski. Hapa pakioza, tunachokihifadhi ni kitu kilichooza. Na sisi tunakiandika juu ya kile kizima!"

Aliiondoa ile mbovu, akabandika karatasi ukutani: kila mechi ihifadhiwe kwa jina jipya, ya zamani isiguswe.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Kwa barete moja mchezo ulikwenda taratibu, na Bigirimana akalalamika kwamba wachezaji wake wanakimbia kama wamekula bugali wa jana.

"Na wangu wamekula sahani ile ile," Akimana alimjibu. "Cheza!"

Dakika ya sabini, wakiwa sare ya bao moja kwa bao moja, umeme wa mtaa ukakatika. Feni ikasimama. "Hifadhi! Hifadhi!" watu walipiga kelele, na mkono wa Thaddée ukaruka kuelekea vitufe.

Akimana aliusukuma kando bila kugeuza macho. "Batiri inatosha. Mutuache."

Dakika ya themanini na nane alipokonya mpira katikati, akapiga pasi ndefu, akafunga.

Hakushangilia. Filimbi ilipolia, alihifadhi ligi kwa jina jipya, akaizima kompyuta kabisa mbele ya wote, akaiwasha tena. Msimamo wa ligi ukajitokeza, mzima, mechi zote thelathini.

"Bigirimana," Akimana alisema, "macho yako iko mazima. Tusomee wa kwanza."

Bigirimana alinong'ona jina.

"Kwa sauti!" Papa Thaddée aliunguruma.

"Akimana," alisema Bigirimana. Ukumbi ukalipuka, naye akarudia, akicheka safari hii, kwa sauti ya kufika Gatumba: "Akimana!"