Mifupa ya Kipepeo

Kipepeo hana mfupa hata mmoja. Kwa hiyo siku niliyokuta wanafunzi wawili wameandika, kwenye mtihani wa majaribio, kwamba bawa la kipepeo lina mifupa mitano, kalamu nyekundu ilinigandia mkononi.

Wa kwanza alikuwa Redio, mvulana ambaye hata akiugua koo hanyamazi. Wa pili alikuwa Sindano, binti wa fundi cherehani, mchache wa maneno, ambaye huingia darasani na vipande vya uzi kwenye sweta. Siku ya mtihani, Redio alikaa nyuma yake.

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Nilitoka chuoni nimejiapiza kwamba sitamwita mwanafunzi mwizi kabla sijamsikiliza. Karatasi zile nilizipeleka kwa mwalimu wa taaluma, ambaye wote tunamwita Mama Taaluma, nikitaka ushauri. Yeye akatoa fomu.

"Jaza hapa, utie sahihi. Kesho saa nne nawaita na wazazi wao. Hawa wanatoka kwenye orodha ya mtihani wa mwisho."

"Mama, si mapema? Labda imetokea tu."

Akanitazama juu ya miwani. "Kijana wangu, mwenye biolojia ni wewe. Wawili, kosa lile lile, neno kwa neno. Imetokea tu?"

Somo langu mwenyewe lilikuwa upande wake. Papa na pomboo wanafanana umbo, lakini papa ni samaki na pomboo ananyonyesha. Kila mmoja alichongwa na maji kwa njia yake, vizazi kwa vizazi, kwa kuwa wenye umbo la kupasua maji ndio waliopona na kuzaa. Jibu sahihi nalo liko hivyo: watu wawili wanaweza kulifikia bila kujuana. Lakini kosa la ajabu, lisilomfaa yeyote, ukilikuta sehemu mbili unaanza kumtafuta mzazi wake. Ama mmoja kalirithi kwa mwenzake, ama wote wamelirithi kwa wa tatu.

Nikachukua madaftari yao, nikajifungia maabara saa ya mapumziko.

Kosa lilikuwemo kwenye yote mawili, chini ya tarehe moja, mwezi mmoja kabla ya mtihani. Kwa hiyo halikuzaliwa chumba cha mtihani. Lakini pembeni mwa daftari la Sindano palikuwa na maneno madogo ya penseli: *Nimepasua wawili. Hakuna mfupa.*

Hapo ndipo shaka iliponipanda kweli. Kumbe alijua! Basi kwa nini aliandika uongo? Alimtegea Redio? Au walipanga jambo nisilolijua?

Nikamwita Redio kwanza.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwako, mwalimu."

"Usinipake matope."

"Haki ya Mungu, ticha, ilikuwa ubaoni! Hata mimi nilishtuka. Nikasema, kumbe mwenzetu naye akianguka anavunjika."

Sikucheka. Mtu anayejitetea haraka hivyo, nilijiambia, kafanya mazoezi.

Sindano alisimama karibu na mlango kama anayetaka kujua njia ya kutokea iko wapi.

"Ulijua si kweli," nikamwambia.

"Nilijua, mwalimu."

"Mbona basi ukaandika?"

Akachomoa uzi kwenye mkono wa sweta. "Mtihani ni wako. Nilidhani unapima kama tunakusikiliza."

"Ungeniuliza."

"Wiki ya kwanza niliuliza kwa nini damu ya panzi si nyekundu. Ukasema swali zuri, tutalirudia." Akauviringisha uzi kidoleni. "Hatukulirudia."

Alisema bila hasira. Ningependa angekasirika.

Alipotoka nikafungua simu. Kila nimalizapo kipindi huupiga picha ubao na kumtumia mama yangu, ambaye hajasoma biolojia lakini hufurahi kuona mwandiko wangu ulivyo mkubwa. Nikaitafuta picha ya tarehe ile.

Nusu ya ubao ilikuwa na hesabu za mwalimu mwenzangu, na juu yake USIFUTE. Kwenye nusu yangu, mkono wa mtu, pezi la nyangumi, na kipepeo. Nikakumbuka. Baada ya nyangumi nilichora bawa la popo, nikieleza kwamba watatu hao wana mifupa ile ile kwa sababu wana asili moja, ingawa kazi zao ni tofauti. Kisha nilitaka kuonyesha kinyume chake, yaani kazi moja, asili tofauti, na nafasi ikaniishia. Nikafuta popo, nikachora kipepeo palepale. Maneno "mifupa mitano", niliyoyaandikia vidole vya popo, na mshale wake vilibaki, vikimwelekea kipepeo.

Waliokuwepo tangu mwanzo walinakili popo. Redio nilikuwa nimemtuma chaki. Sindano alichelewa, alipeleka nguo za wateja wa mama yake. Walinakili walichokikuta.

Mzazi wa kosa alikuwa mimi.

Saa nne kesho yake, Mama Taaluma aliitazama picha kwa muda mrefu, akaikuza, akaipunguza.

"Nitajuaje hukuichora jana?"

"Tarehe hiyo hapo, Mama. Na hesabu za pembeni ni za mwezi uliopita, muulize mwenyewe."

"Kwa nini unawatetea hivi? Unajua bado uko kwenye muda wa kuangaliwa kazini. Hii nikiiweka kwenye faili lako haitoki."

"Najua. Iweke."

Akasukuma fomu kwangu. Penye *Chanzo cha kosa* nikaandika: *Mwalimu wa somo*. Nikatia sahihi. Nikamrudishia.

Nje, baba yake Redio alikuwa anaondoka, mwanawe akimsindikiza mpaka getini huku akimsimulia. Mama yake Sindano alibaki, futi ya kupimia bado shingoni.

"Kwa hiyo mwanangu hakuiba?"

"Hakuiba, mama. Jina lake liko palepale kwenye orodha."

Akaninyanyulia macho, akanikagua juu mpaka chini, kama kitambaa ambacho muuzaji kaapa hakichuji rangi. Hakusema asante. Akamwambia bintiye, "Nenda darasani," akaondoka.

Kipindi kilichofuata nilichora popo upya, na kipepeo mbali naye, nikalieleza darasa nilivyokosea. Redio akapiga makofi peke yake. Sindano akanyoosha mkono, uso ukiwa bado haujaniamini.

"Na panzi, mwalimu?"

Nikaweka chaki chini. "Nani ananiletea panzi?"

Akafungua mkebe wake wa kalamu. Alikuwa naye tayari.