Shangazi Aliyekatazwa Vigelegele

Atija wa Olumbi alijaliwa koo kubwa kuliko mwili wake. Akipiga kigelegele harusini, kuku wanapanda juu ya paa, na bwana harusi mwoga anaanza kutembea kama askari. Harusi ambayo Atija hakufika, watu waliihesabu kuwa nusu harusi. Mwenyewe alilijua hilo, wala hakujifanya halijui.

Kwa hiyo siku Zuleica, binti wa kaka yake, alipomwomba asije kumtazama akikimbia, Atija alidhani mtoto ana homa.

"Usije, shangazi. Au uje, lakini ukae kimya."

"Kimya, mimi? Kwani kuna msiba?"

"Ukifungua mdomo utakuwapo."

Zuleica alikuwa na sababu. Mashindano yaliyopita, kule Palma, alianza vizuri tu, katikati ya wenzake, kama alivyofundishwa. Shangazi akaanza kumwita: jina lake, jina la baba yake, jina la bibi yake marehemu, na kigelegele juu yake. Miguu ya Zuleica ikasikia kabla kichwa hakijasikia. Akachomoka, akawaacha wote, uwanja ukalipuka, Atija akagaagaa chini kwa raha. Raha hiyo haikudumu. Kabla mbio hazijaisha mtoto alikuwa anakwenda kama mtu anayevuka tope, na wenzake wakampita mmoja mmoja, hata yule msichana wa Quiterajo ambaye kiatu kimoja kilikuwa kimembakia nyuma.

Safari hii mambo yalikuwa makubwa zaidi. Yalikuwa mashindano ya wilaya za kaskazini, Mocímboa da Praia, ya kwanza tangu watu waliokimbia vita waanze kurudi makwao. Mshindi wa mita elfu moja na mia tano ndiye angekwenda Maputo na timu ya jimbo. Mshindi peke yake. Wa pili anapigiwa makofi, anakwenda kwao.

Mwalimu Chamsudine, aliyemfundisha Zuleica kukimbia, alikwenda mwenyewe kwa Atija. Alimkuta jikoni anakaanga bajia.

"Mama Atija, nimekuja nikueleze mbio hizi."

"Za kueleza zina nini? Watu wanakimbia, anayetangulia anashinda."

"Anayetangulia mwisho, mama. Siku ya fainali mtu hakimbizani na saa, anakimbizana na watu. Wa mbele anawakingia wenzake upepo wote. Walio nyuma yake ni abiria wa bure. Karibu na mwisho abiria wanashuka, wanampita dereva."

"Basi huyo dereva mjinga."

"Mjinga kabisa. Na ukimwita Zuleica, dereva ni yeye."

Atija akageuza bajia zake. Alikuwa mtu wa kubisha, lakini Palma aliiona kwa macho yake.

"Kuna mmoja namwogopa," Chamsudine akaendelea. "Esperança, wa Mueda. Yule akiachiwa mwishoni ni kama mbuzi aliyekata kamba. Wakienda polepole mpaka kona ya mwisho, hakuna wa kumshika. Zuleica pumzi anayo, kasi ya namna ile hana. Dawa ni mtu mwingine atangulie, aende mbio toka mapema, Esperança afike mwisho miguu imekwisha."

"Na nani atakubali kuwa huyo mjinga?"

"Ndiyo naumwa kichwa hapo. Lakini wewe niachie kichwa, nipe mdomo. Usimwite Zuleica mpaka watoke kona ya mwisho. Hapo mwite hadi upasuke."

Atija akanyanyua mkono, umejaa unga. "Wallahi, sitamwita Zuleica mpaka kona ya mwisho."

Chamsudine akala bajia mbili na kuondoka, hana amani.

Siku ilipofika, wanawake wa Olumbi walijipanga upande mmoja wa uwanja wa mpira, kanga za aina moja, kama wamekuja ngoma. Mistari ilichorwa kwa chokaa. Kona ya upande wa pwani ilikuwa mchanga mtupu, na upepo wa kusi uliwapiga wakimbiaji usoni kila walipopita mbele ya watu. Atija alikaa na Nazira, rafiki yake wa ngoma, ambaye alikuwa amekabidhiwa kazi ya kumshika.

"Uma kanga," Nazira akamwambia. "Ukisikia kinakuja, uma."

Filimbi ikalia. Wasichana wakaondoka, na hapohapo wakapoa. Hakuna aliyetaka kutangulia. Kila mmoja alimtazama mwenzake kama watu wanaosubiri nani afungue mlango wenye mbwa. Zuleica alikaa begani kwa Esperança, upande wa nje, salama, hana haraka.

"Mnakwenda kisimani?" mzee mmoja akawapigia kelele. "Ndoo ziko wapi?"

Watu wakacheka. Chamsudine, aliyesimama ndani ya uwanja, hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mwendo ule ulikuwa mwendo wa Esperança. Kila hatua ya polepole ilikuwa inamtunzia miguu.

Atija aliuma kanga. Waliokuwa mbele wakazidi kupunguza, mpaka Esperança akajikuta yuko mbele bila kupenda. Akageuza shingo, akatafuta wa kumwachia nafasi, hakuna. Akapunguza naye. Ndivyo walivyokuja mbele ya wanawake wa Olumbi, kundi zima limebanana, upepo usoni, na Zuleica yule pale, karibu kiasi cha kumgusa.

Kitu kikapanda toka tumboni kwa Atija. Akakimeza. Kikapanda tena. Ulimi wenyewe ukalitafuta jina, likawa lile aliloliapia, na yeye kiapo hakivunji. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, na lazima kitoke kitu.

"Esperançaaa! Binti wa Mueda! Nani kama wewe, mama? Nani? Força! Kaza!"

Na kigelegele juu yake, kirefu, kile cha bibi harusi kutolewa ndani.

Nazira akamvuta mkono karibu aung'oe. "Umerogwa? Huyo ndiye adui!"

"Nimeapa sitamwita Zuleica. Sikuapa kufa."

Pale uwanjani Esperança aliinua kichwa. Akatazama upande wa sauti, akatabasamu kama mtu aliyeitwa na mtu anayemjua, na miguu yake ikarefuka. Akauingia upepo kifua mbele. Kundi likanyooka, waliokuwa wamebanana wakawa mstari.

Chamsudine alimgeukia Atija, mikono juu, ameshafungua mdomo amtukane. Kisha akamtazama Esperança. Akamtazama Zuleica, ametulia nyuma yake kama abiria aliyepata kiti. Mdomo akaufunga. Wasichana waliporudi tena, alikuwa anamwonyesha Atija kwa mkono, anauzungusha kama mtu anayewasha injini ya mtumbwi: ongeza, ongeza!

Hapo ndipo Atija alipoelewa. Akasimama juu ya kiti.

"Wanawake! Mwiteni Esperança!"

"Esperança gani?"

"Wa mbele! Mwiteni!"

Wakamwita. Ngoma nzima ya Olumbi ikamwita msichana wa Mueda kana kwamba alinyonya maziwa yao. Akipita wanamlilia vigelegele, akienda kona ya mbali wanampungia kanga, akionekana anataka kupoa Atija anamuuliza kwa sauti ya kupasua anga kama Mueda wamemtuma kukimbia au kutembea. Naye anaongeza. Nyuma yake wenzake wakaanza kudondoka kama maembe mabichi kwenye kaskazi. Akabaki mmoja tu wa kumfuata.

"Huyo mwanenu?" akauliza mwanamume mmoja wa Mocímboa.

"Leo ndiyo," akajibu Nazira. Naye sasa alikuwa anapiga vigelegele.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikagongwa. Esperança mbele, Zuleica nyuma yake. Upande wa pili upepo ulikuwa mgongoni, na Esperança akaitafuta ile kasi yake ya mbuzi. Alipata nusu. Kwenye kona ya mchanga miguu yake ilizama kidogo kila hatua, na Zuleica akatokea ubavuni, taratibu, kama mtu aliyelala vizuri. Wakatoka kona wamelingana bega.

Sasa kiapo kimekwisha. Atija akajaza mapafu, akafungua mdomo wote kwa jina la mwanawe.

Ikatoka sauti ya bata.

Akajaribu tena. Bata mdogo zaidi. Koo lililowatikisa maharusi wa pwani nzima lilikuwa limekwisha, limemalizikia kwa mtoto wa watu. Atija akabaki anaruka juu ya kiti, anatikisa kanga, machozi yanamtoka, mdomo wazi na hakuna kitu. Mbele yake wasichana wawili wakaenda wamebanana mpaka kwenye utepe, na Zuleica akaugusa kwa kifua kwanza. Upana wa kifua tu.

Kiti kikavunjika. Hakuna aliyejali.

Zuleica alipofika kwao alikuwa amejaa chokaa na mchanga, anacheka na kulia pamoja. "Shangazi, mwisho sikukusikia kabisa! Nikasema leo kafa!"

Atija akamwonyesha koo lake. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Chamsudine akaja akambusu Atija mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mkwewe.

Walikuwa wanafungua masufuria, wali wa nazi na samaki, Atija alipomwona Esperança anakuja. Alikuja peku, viatu mkononi, moja kwa moja upande wao. Atija akatafuta pa kujificha. Nyuma ya Nazira hapakumtosha.

"Shikamoo, tia," akasema, akimwita shangazi kwa Kireno. "Ni wewe uliyekuwa unaniita?"

Atija akatikisa kichwa kukubali. Alingojea matusi.

"Nimekuja peke yangu," msichana akasema. "Baba yuko kazini Afungi, mama yuko shamba. Tangu nianze kukimbia, hakuna mtu aliyewahi kuniita uwanjani. Nilijua naenda mbio mno, tia. Nilijua kabisa. Kocha wangu alinikataza. Nikasema, acha, leo naitwa."

Nazira akaangalia sufuria. Angenyamaza mtu mwingine, akaipokea shukrani hiyo na kuiweka mfukoni. Atija hakuumbwa hivyo. Akamvuta msichana karibu, akamwambia kwa sauti iliyobaki, yote mikwaruzo:

"Mwanangu, nilikuwa nakumaliza. Nilitaka uchoke, huyu wangu apite."

Esperança akamtazama. Akamtazama Zuleica, akamtazama Chamsudine, ambaye alikuwa ameona kitu cha maana sana mbali angani. Akafikiri. Halafu kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akakaa chini mchangani.

"Eh, tia! Mwanamke mbaya wewe!"

"Mbaya kabisa," Nazira akathibitisha. "Kula."

Akasogezewa sinia, akakaa bega kwa bega na Zuleica, na kazi ikawa ya mikono tu na mifupa ya samaki. Alipokwisha kulamba vidole, Esperança akasema, bila kumtazama mtu, "Kesho nina mita mia nane. Zuleica hayumo."

"Kesho asubuhi gari letu linarudi Olumbi," akasema Chamsudine.

"Gari liende," akakwaruza Atija. Akamwonyesha Nazira kwa ishara: maji ya moto, tangawizi, asali, haraka. Kisha akamgeukia mwalimu. "Hiyo mia nane, mtu anaitwa lini?"

Chamsudine akajiweka sawa, akashika kijiti achore uwanja mchangani. "Sikiliza, mama. Mia nane ni fupi, haina subira kama ile ya leo. Lakini mzunguko wa kwanza, upepo ukiwa…"

"Tia," Esperança akamkatiza, "usimsikilize huyu. Wewe niite tu."