Saa Mbili Mchana

Nina hasira, na nitasimulia nikiwa nayo.

Kidoti ana miaka saba. Walimsimamisha kwenye kizimba cha mashahidi juu ya boksi la karatasi, maana bila boksi tulikuwa tunaona utosi tu. Mkono wake wa kushoto umepona ila umepinda pale ulipovunjwa. Aliyeshtakiwa kuuvunja, mwalimu wa tuisheni, alikaa hatua nne mbele yake, suti imenyooka, akimkazia macho. Hapakuwa na hata pazia. Kesi ingeanguka, Kidoti angerudishwa kusoma sebuleni kwa mtu huyo, kwa sababu baba yake alimwamini mwalimu kuliko mwanawe.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuchapa yanayosemwa na kufunga mdomo.

Chumba cha watoto tunacho. Kilizinduliwa kwa utepe na hotuba: viti vidogo, penseli za rangi, kamera ili mtoto aongee bila kumwona mshtakiwa. Asubuhi ile hakimu aliniuliza kama kiko tayari. Nikamjibu kina vitu vitu. Akasema basi, tuendelee, tuna kesi tisa. Tukaendelea.

Wakili wa utetezi akasimama na kurekebisha tai yake.

"Ulimwambia polisi alikupiga saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Asubuhi au usiku?"

"Mchana. Nilikuwa nimeshakula."

Watu wakaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni, mtu mzima mwenye watoto wake, alicheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Saa mbili mchana!" wakili akasema. "Mheshimiwa, saa mbili asubuhi mteja wangu alikuwa shuleni, amesaini daftari la mahudhurio. Saa mbili usiku alikuwa harusini kwa dada yake. Wewe binti, nani kakufundisha huu uongo?"

"Niliona mwenyewe."

"Uliona nini? Sema kwa sauti!"

"Saa. Ya ukutani kwa mwalimu."

Mkojo ukamshuka miguuni, ukalowesha boksi, na wakili akarudi nyuma asichafue viatu. Viatu! Laiti ningekuwa na ndoo ya maji machafu mkononi.

Ndipo nikaelewa, na damu ikanichemka zaidi. Mjukuu wangu husoma saa hivyohivyo. Mshale mfupi ukiwa kwenye mbili, sisi wakubwa tunasema saa nane. Mtoto aliyejifunza namba juzi anasoma namba anayoiona. Polisi aliandika saa mbili, mwendesha mashtaka akaisoma, wakili akaishangilia, mimi nikaichapa. Watu wazima wanne, na hakuna aliyemuuliza mtoto amejuaje.

Nikasimama.

"Mheshimiwa, naomba shahidi aulizwe saa ya humu ndani."

"Karani, kaa chini."

"Nitakaa akishaulizwa."

Hakimu alinitazama, nami nikaiona kazi yangu ikiota mbawa. Kisha akamgeukia Kidoti.

"Mwanangu, saa ile pale juu inasema saa ngapi?"

Ilikuwa saa nne kamili asubuhi. Kidoti akajifuta pua na kuinua uso, midomo ikihesabu.

"Saa kumi."

Wakili akaanza kucheka. Akaitazama saa, mshale mfupi umesimama kwenye kumi, na kicheko kikamkauka.

"Na saa nane mchana siku ile," hakimu akamuuliza, "mteja wako alikuwa wapi?"

Wakili akapekua karatasi zake. Akazipekua tena. Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaangalia chini.

Hakimu akaahirisha kwa nusu saa na kuamuru ushahidi uliobaki uchukuliwe kwenye chumba cha watoto. Ufunguo ulikuwa kwenye droo yangu. Umekaa humo miaka miwili.

Nikampeleka Kidoti, gauni lake likiwa bado bichi. Nikafungua. Mafaili yamejaa hadi dirishani, viti vidogo vimebebeshwa vikombe vyetu, na juu ya meza ya kuchorea limekaa birika langu la umeme.

"Bibi, hiki chumba cha nani?"

"Chenu. Cha watoto."

Akaangalia vikombe, akaangalia birika.

"Mbona mmeweka vitu vyenu?"

Nikalibeba birika langu, nikatoka nalo nje.