Kwa Mjomba Si Nje ya Nchi

Swali lililomwangusha Priscila alilijibu kwa moyo mweupe kabisa.

Mahojiano ya visa yalifanyika kwa simu. Ofisa wa ubalozi aliuliza taratibu, mkalimani akitafsiri. Umewahi kuishi nje ya Tanzania zaidi ya miezi sita? Hapana. Baada ya kumaliza kidato cha nne hadi unaolewa, ulikuwa wapi?

"Nilikuwa kwa mjomba, namuuguza mke wake. Alivunjika nyonga."

"Mjomba anaishi wapi?"

"Muyinga."

Mkalimani hakutafsiri mara moja. "Muyinga ya Burundi?" aliuliza.

Hapo ndipo Priscila alipotambua alichokisema. Kwao Nyamiaga, mtu akivuka kwenda Burundi hasemi amekwenda nje ya nchi. Anasema amekwenda kwa mjomba, au msibani, au kumtazama mzazi aliyejifungua. Nje ya nchi ni Dubai. Nje ya nchi ni Kanada, ambako mumewe Danstan alikuwa anakata nyama kiwandani na kuhesabu majira ya baridi peke yake. Mama yake Priscila alizaliwa ng'ambo ile, na lugha za pande zote mbili zinasikilizana vizuri. Alipomaliza shule, mjomba Bizimana alikuja kumchukua, akatangulia mbele kwenye njia ya mashambani, naye akamfuata na kifurushi cha nguo kichwani. Hakuna aliyewauliza karatasi. Akakaa huko miaka miwili.

Jibu la ubalozi lilikuja kwa barua pepe. Alete cheti cha polisi wa Burundi kuthibitisha kwamba hakutenda kosa lolote alipoishi huko. Asipokileta kabla ya mwezi kwisha, maombi yake na ya binti yao Joyceline yatakataliwa.

"Si ulisema hujawahi kutoka?" Danstan alimuuliza kwenye simu.

"Nilidhani wanauliza nje ya nchi."

"Kwani Burundi ni wapi, Prisi? Ni kata ya Biharamulo?"

Priscila alicheka kidogo. Danstan hakucheka.

Alimwacha Joyceline kwa mama mkwe wake, Rozalia, kijijini Nemba, akapanda basi hadi mpakani Kabanga. Safari hii alivuka kwa pasipoti, akagongewa muhuri kwa mara ya kwanza maishani. Kwenye ofisi aliyoelekezwa, karani aliifunua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, kisha akairudisha mezani.

"Dada, hapa kwetu hujawahi kufika," alisema. "Leo ndiyo mara yako ya kwanza. Karibu sana."

"Nilikaa miaka miwili."

"Kwa karatasi gani?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba akipata barua ya mkuu wa kilima, ambaye kwa kule ni kama mwenyekiti wa kijiji, inayosema aliishi pale, pamoja na daftari la kaya la mwenyeji wake, maombi yatapokelewa. Daftari hilo kila nyumba inalo, na kila anayelala humo lazima aandikwe.

Mama Ildefonsa, mke wa mjomba, alimpokea mlangoni akiegemea fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda wewe. Huko Nemba wanakulisha upepo?"

Mjomba Bizimana alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaingia chumbani, akatoka na daftari, akalifunua juu ya magoti. Jina la Priscila halikuwamo.

"Lisingekuwamo," alisema, kana kwamba ameulizwa swali la kitoto. "Daftari ni la kuandika wageni. Nani anamwandika mtoto wa dada yake kuwa ni mgeni?" Akalifunga. "Lakini mimi nipo, nina mdomo. Kesho tunakwenda kwa mkuu, nitasema nilikuwa na wewe."

Priscila alihisi kifua kinafunguka. Aliingia jikoni kumsaidia Mama Ildefonsa kumenya ndizi, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua pepe akajikuta anaimba kwa sauti ya chini. Mama Ildefonsa alimwacha amalize.

"Laurian wa hapo jirani unamkumbuka?" akauliza.

"Yule mwenye mbuzi?"

"Alimlaza shemeji yake kutoka Ngara, hakumwandika. Kukawa na msako. Shemeji alikimbia, askari wakaondoka na Laurian. Alikaa ndani muda mrefu. Akarudi amebebwa, na hakumaliza mwezi."

Kisu cha Priscila kilisimama. "Mjomba anajua?"

"Ndiye aliyembeba."

Moto ulifuka moshi. Mama Ildefonsa aliupuliza, akafuta macho kwa upande wa kitenge.

"Sikukatazi, mwanangu. Ulinibeba mgongoni kunipeleka msalani, ningekukataza kwa mdomo gani? Nimekwambia tu, ujue unachokiomba."

Asubuhi mjomba alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kushika kofia. Priscila alimwamkia, kisha akasema ubalozi wamemwandikia ujumbe, cheti hakihitajiki tena.

"Wameandika saa ngapi? Tangu ufike hapa simu yako haishiki mtandao."

"Umeshika alfajiri, marume. Nilipanda juu kule kwenye migomba."

Alimwita marume, yaani mjomba kwa lugha ya kule, kama alivyomwita enzi zile. Mzee alimtazama. Halafu alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, na Priscila akaona mabega yake yanavyoshuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Aliona pia jinsi mzee alivyoona aibu kutuliwa. Hakuuliza zaidi.

Alipofika Kabanga alimpigia Danstan, akamweleza yote.

"Mtaje," Danstan alisema. "Andika jina lake na kilima chake, ubalozi waulize wenyewe. Wewe si utakuwa umeshaondoka?"

"Watakwenda kumuuliza na yeye atakubali. Laurian..."

"Mimi simjui Laurian. Namjua mtoto wangu, ambaye nikirudi leo atanikimbia akidhani ni mgeni." Akashusha sauti. "Na mimi je, Prisi? Mimi nani ananibeba?"

Priscila alisimama kando ya barabara, malori yakipita, simu sikioni, mpaka salio likaisha.

Aliwaandikia ubalozi ukweli nusu: kwamba aliishi huko kwa ndugu na hana wa kumthibitishia. Maombi yakakataliwa. Danstan hakugombana naye. Angegombana ingekuwa nafuu. Alisema wataomba tena mwakani, kwa sauti ya mtu anayeaga. Simu zikaanza kuja Jumapili tu, kisha Jumapili moja moja. Rozalia alipoanza kuzungumza na mwanawe kwa simu akijificha nyuma ya nyumba, Priscila alimchukua Joyceline akarudi kwa wazazi wake Nyamiaga.

Huko ndiko Avelina, mama anayefanya biashara ya maharage pande zote za mpaka, alimkuta shambani anapalilia.

"Mjomba wako anakusalimu," alisema. "Anauliza kama ulifika salama Kanada."

Priscila aliegemea jembe. "Mwambie nilifika."

"Nimwambie ulifika, nami nakuona hapa na matope miguuni?"

"Mwambie nilifika, mama. Mwambie kuna baridi, lakini tumezoea."

Avelina alijitwika kikapu chake, akashika njia.